Karatasi iliyo mgongoni mwa kioo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba mtu akinunua kioo cha kale cha meza ya kujipambia, na akakuta mgongoni mwake karatasi ya mtengenezaji, basi hana haja ya kuuliza swali jingine, kwa kuwa karatasi hiyo ni sawa na cheti cha kuzaliwa. Mimi ni fundi wa samani hapa Mji Mkongwe, Unguja, kwa zaidi ya miaka 40 sasa, na karatasi za namna hiyo zimepita mikononi mwangu nyingi. Nyingine nimezihifadhi, na moja, kwa aibu yangu, niliiteketeza. Nakubaliana na ndugu yetu kwamba karatasi ile ni mali. Sikubaliani naye kwamba ni cheti. Mimi naiona kama shahidi: asikilizwe kwanza, kisha aulizwe alijuaje aliyoyasema.

Nitaeleza kwa kisa kimoja, maana maneno matupu hayatamshawishi mtu. Mwaka jana, masika yalipokatika, alinijia bibi mmoja mwenye umri wa kunizaa, nyuma yake kijana amebeba kioo kilichofungwa kwa kanga mbili. Kilikuwa kioo cha kuweka juu ya meza: fremu ya mahogani yenye umbo la yai, imeshikwa na nguzo mbili kwa vishikizo vya shaba ili kioo kiweze kuinamishwa mbele na nyuma, na chini yake sanduku jembamba lenye watoto wa meza watatu, wa katikati mpana kuliko wenzake. Uso wa kioo ulikuwa umeota mabaka ya kijivu, hasa upande wa chini, na ubao wa mgongoni umetobolewa tobolewa na wadudu.

"Fundi," akaniambia, "hiki ni cha zama za Seyyid Said. Bibi yangu alikikuta kwa bibi yake. Nitilie kioo kipya, na ubao huu utupe, unitilie plaiwudi."

Nikakigeuza. Katikati ya ubao palikuwa na karatasi isiyozidi kiganja, imekuwa rangi ya chai, na ubavu wake wote wa kushoto umeliwa na mende, ambao hawaifuati karatasi kwa ajili ya wino wake bali kwa ajili ya gundi ya unga iliyo chini yake. Jina la mwenye duka lilikuwa limekwenda na mende hao. Yaliyobaki ni "& Son", namba ya nyumba isiyo na mtaa, maelezo ya Kiingereza kwamba hapo hutengenezwa na kuuzwa vioo vya kujitazamia kwa jumla na rejareja na kwamba fremu hupakwa dhahabu upya, na mwisho neno London likifuatwa na herufi mbili: E.C.

Herufi hizo mbili ndizo zilizonifanya niweke bisibisi chini. London ilikuwa imekua mno kiasi kwamba barua zilipotea kwa wingi wa mitaa yenye majina yanayofanana, na katika mwaka 1857 na 1858 posta ya Uingereza, kwa mpango wa Rowland Hill, iliugawa mji huo katika wilaya kumi, kila moja ikapewa herufi zake, E.C. ikawa ya katikati, upande wa mashariki. Seyyid Said alifariki baharini Oktoba 1856, akirudi Unguja kutoka Maskati. Kwa hiyo karatasi yenye herufi hizo haikuweza kuchapwa katika uhai wake. Imemkosa kwa muda mfupi sana, lakini imemkosa. Nikamweleza bibi hayo taratibu. Akanitazama, akauliza, "Kwa hiyo bibi yangu alikuwa mwongo?"

La hasha. Hapo ndipo ninapotofautiana na msomaji mwenzangu, kwa sababu yeye angeishia kwenye E.C., akaandika mwaka, akafunga daftari. Mimi niliomba kioo kibaki kwangu wiki moja.

Jambo la kwanza nililolitazama ni ukingo wa karatasi pale mende walipoishia. Ubao mpya ukibandikwa karatasi, sehemu iliyofunikwa hubaki nyeupe kwa miaka mingi huku sehemu nyingine ikikolea rangi kwa hewa, moshi na vumbi. Ukiinua pembe ya karatasi unaona kivuli cheupe cha umbo lake. Chini ya karatasi hii hapakuwa na kivuli. Ubao ulikuwa wa kahawia vilevile chini yake kama ulivyokuwa pembeni, maana yake ni kwamba karatasi ilibandikwa juu ya ubao ambao tayari ulikuwa umezeeka. Jambo la pili ni skrubu. Zile zilizoshika ubao zilikuwa butu, hazina ncha, za aina ambayo fundi alilazimika kuitobolea tundu kwanza. Skrubu zenye ncha kali zilianza kujaa madukani katikati ya karne ya 19, na huko Birmingham, mji uliokuja kuilisha dunia skrubu, wenye viwanda Nettlefold na Chamberlain walianza kuzitoa kwa mashine za hataza ya Kimarekani mwaka 1854. Skrubu butu peke yake si hoja kubwa, kwa kuwa fundi mbahili huweza kukaa na akiba ya zamani miaka 20. Zikiungana na ubao uliozeeka kabla ya karatasi, zinaanza kusema kitu.

Jambo la tatu lilikuwa kioo chenyewe, na hapa naomba wasomaji wanivumilie, kwa sababu ndilo jambo ambalo watu wengi wanaliharibu. Vioo vya kale havikupakwa fedha. Fundi alitandaza karatasi nyembamba ya bati juu ya meza ya jiwe, akaimwagia zebaki, akateleza kioo juu yake polepole ili kisukume uchafu na mapovu, kisha akakikandamiza kwa mawe mazito, na baadaye akakiinamisha kwa siku nyingi ili zebaki iliyozidi ichuruzike. Kazi hiyo iliwaua watu taratibu: Adolf Kussmaul, daktari wa Kijerumani, alichapisha mwaka 1861 utafiti wake juu ya wafanyakazi wa vioo wa Fürth na Erlangen, waliotetemeka mikono na kung'oka meno kwa mvuke wa zebaki. Upakaji wa fedha halisi ulitokana na ugunduzi wa Justus von Liebig wa mwaka 1835, lakini ulichukua miongo kadhaa kuisukuma zebaki kando. Kioo cha zebaki ukikitazama kwa mwanga wa pembeni kina rangi ya kibuluu iliyopoa, na madoa yake humetameta kama chumvi iliyomwagwa. Uharibifu huanzia chini, ambako zebaki huteremkia. Ukigusisha ncha ya penseli usoni pake, ncha na taswira yake hukaribiana sana, kwa kuwa kioo chenyewe ni chembamba.

Kioo cha bibi kilikuwa cha zebaki, chembamba, na kimekaa ndani ya mfuo wake kwa vipande vile vile vya mbao vilivyowekwa siku ya kwanza, kwa maana sikuona tundu la pili la msumari popote. Hakikuwa kimebadilishwa kamwe.

Alipokuja Ijumaa nikampa maoni yangu, na niliyaita maoni, sikuyaita hukumu. Kioo kimetengenezwa kabla ya karatasi yake, na yumkini miaka mingi kabla. Huenda kweli ni cha zama za Seyyid Said. Lakini mtu fulani London, baada ya mwaka 1857, alikuwa nacho dukani mwake, ama kwa kukinunua kikiwa kimekwishatumika, ama kwa kukitengeneza kilipoharibika, akakibandika karatasi yake kabla ya kukiuza. Kwa hiyo kilipokuja Unguja Seyyid Said alikuwa amekwishafariki. Dhana yangu ni kwamba kilikuja zama za Seyyid Barghash, kwa sababu Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kuanzia mwaka 1872 meli za barua za kampuni ya British India zilianza kufika bandarini petu kwa ratiba, na samani za Ulaya zikawa si ajabu tena katika nyumba za wenye uwezo. Bibi akacheka. "Basi," akasema, "kimezaliwa zama zake, kikaolewa huku yeye keshakwenda."

Ndugu Mhariri, karatasi ilikuwa kweli, na aliyeisoma haraka angepotea kwayo pande zote mbili: angemwita bibi mwongo, au angemsifu aliyetajwa kwenye karatasi kwa kazi ambayo si yake. Jambo hili halikuanza kwetu. John Elliott, Mwingereza aliyehamia Philadelphia mwaka 1753, aliuza vioo vingi sana, na karatasi zake ni maarufu miongoni mwa wanaojua samani za Kimarekani, kwa sababu zilichapwa kwa Kiingereza na Kijerumani pamoja, wateja wake wengi wa Pennsylvania wakiwa ni Wajerumani. Jina lake limo mgongoni mwa vioo ambavyo vilitengenezwa London, yeye akaviagiza na kuviuza. Hakumdanganya mtu. Karatasi yake ilikuwa tangazo la duka, ikimwambia mteja arudi wapi kioo kikivunjika, nasi ndio tulioigeuza kuwa saini ya fundi.

Hata hivyo tangazo la duka lina faida yake kwa anayejua kulisoma, na ningependa wenye vioo vya namna hii majumbani wavigeuze leo hii watazame. Karatasi ya London yenye herufi za posta bila namba ni ya baada ya mwaka 1857, na yenye herufi pamoja na namba, kama vile W.1, ni ya mwaka 1917 au baadaye, kwa kuwa namba ziliongezwa mwaka huo. Wilaya ya N.E. na ile ya S. zilifutwa katika miaka ya 1860, kwa hiyo anayeziona ana haki ya kufurahi kidogo, ingawa wapo wenye maduka waliochelewa kubadilisha maandishi. Alama yenye umbo la almasi iliyogongwa kwenye vishikizo vya chuma au shaba ni ya usajili wa michoro ya Uingereza kati ya mwaka 1842 na 1883. Kuanzia 1884 ilitumika namba ya kawaida iliyotanguliwa na "Rd". Nchi ya asili ikiandikwa waziwazi kwa Kiingereza, aghalabu kitu hicho ni cha baada ya mwaka 1890, Marekani ilipotunga sheria ya ushuru iliyodai kila bidhaa iingiayo itajwe ilikotoka. Na namba ya simu, bila shaka, haimhusu Seyyid Said.

Sasa niungame ile karatasi niliyoiteketeza. Nilikuwa bado mwanafunzi wa kazi, gundi tunaichemsha wenyewe juu ya jiko la makaa, na mteja mmoja alileta kioo cha meza akitaka ubao mpya. Ubao wa zamani niliuvunja vipande vinne kwa goti, nikavitia jikoni. Ulikuwa na karatasi ya duka la Bombay, maandishi yake ya aina mbili, Kiingereza juu na hati ya Kihindi chini, na picha ya taji. Haya nayakumbuka kwa sababu niliitazama ikijikunja kwenye moto. Miaka mingi baadaye mtoto wa mteja yule alikuja kutoka Maskati, wazazi wote wawili wamekwishafariki, na hakuuliza habari ya kioo, kwa kuwa anacho. Aliuliza karatasi. Baba yake alikuwa amemsimulia kwamba kioo kilinunuliwa katika duka alilokuwa akifanya kazi babu yake mzaa mama, na jina la duka liko nyuma. Nilimwambia ukweli. Alinishukuru kwa kuniita "mzee wangu" na akaomba nimweleze taji lilikuwaje, nikamchorea kwa penseli juu ya kipande cha msasa, maana ndicho kilichokuwa karibu.

Siku hizi simwoni kijana akichoma ubao, lakini naona mabaya mengine mawili. Wako wachuuzi wa vitu vya kale wanaokwangua karatasi kwa patasi ili kioo cha mwaka 1920 kiuzwe kama cha mwaka 1820; alama ya kukwangua huonekana, lakini mgeni anayekimbilia boti haigeuzi samani. Na wako wanaobandika karatasi mpya iliyochapwa kwa kompyuta na kuchovywa katika chai. Hii ya pili ni rahisi kuitambua: vitone vya wino wa printa huonekana kwa kioo cha kukuzia, na kingo zake hukatwa zikanyooka mno. Nimeletewa mbili za namna hiyo. Sitaji waliouza, kwa kuwa wanunuzi hawakupenda kuendelea na shauri, nami si hakimu.

Wakati huohuo tunajivuna, na kwa haki, kwamba Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Orodha ile inatazama kuta, milango na vibaraza. Kioo cha meza kinaingia ndani ya sanduku la safari kikiwa kimefungwa kwa nguo, na kikishatoka bila karatasi yake hakuna atakayejua kwamba kiliwahi kusimama katika chumba cha bibi harusi wa mitaa yetu ya Malindi au Shangani. Sipingi watu kuuza mali yao. Ninachoomba ni kwamba muuzaji aandike kwenye risiti yale yaliyomo kwenye karatasi, neno kwa neno, pamoja na jina la mtaa kilikotoka, na kwamba makumbusho zetu zikubali kupokea nakala ya picha kutoka kwa yeyote atakayeileta, hata kama kioo chenyewe hakiuzwi wala hakitolewi. Kazi hiyo inahitaji simu moja yenye kamera na jalada moja.

Kwa wenye vioo majumbani, yapo machache ya kufanya, na zaidi ni ya kutokufanya. Usibandike selotepu juu ya karatasi, kwa kuwa gundi yake huigeuza njano na baadaye huing'oa. Usiipake vanishi. Piga picha wakati wa asubuhi kwa mwanga wa dirishani, kisha ifunike kwa plastiki safi isiyoigusa, iliyoshikizwa kwenye ubao pembeni. Ubao ukiwa umeoza, toa ubao na karatasi yake pamoja, uvihifadhi ndani ya bahasha kubwa iliyoandikwa ni vya kioo kipi. Na kioo cha zebaki usikikwangue mgongoni, usikipige msasa, usikipitishe karibu na moto. Kama umeona vitone vinavyong'aa chini ya fremu, usivishike kwa mkono mtupu na usiwaache watoto wavichezee. Kuhusu kutia kioo kipya mahali pa cha kale, rai yangu inajulikana na wateja wangu wote, na baadhi yao wamenihama kwa sababu hiyo: mabaka ni uso wa kioo hicho, na anayetaka kujitazama vizuri wakati wa kutia wanja anunue kioo cha bei nafuu sokoni Darajani akitundike ukutani.

Bibi alikubali. Plaiwudi hakutaka tena. Ubao wa zamani niliutia dawa ya wadudu kwa sindano, tundu baada ya tundu, nikiiepuka karatasi, na sehemu mbili zilizokuwa unga mtupu nilizijaza kwa vipande vya mkangazi ambavyo sikuvipaka rangi ya kufanana, ili fundi atakayekuja baada yangu avitambue mara moja. Alipokuja kukichukua aliniuliza kama na mimi nitabandika karatasi yangu. Nilimwambia siwezi kuiweka mgongoni, kwa sababu baada ya miaka 100 mtu ataisoma aseme kioo hiki kimetengenezwa Unguja. Nimeandika kwa penseli ndani ya mtoto wa meza wa kushoto, kwenye ubao wa chini usioonekana mpaka umtoe nje kabisa: kazi niliyoifanya, mwezi na mwaka, na maneno ya bibi juu ya bibi yake, kama alivyoyasema.

Wako,
Fundi wa samani,
Mji Mkongwe, Unguja